Wenzangu Waliniachia Kisanduku Kitupu

Sehemu ya Saba

Wiki iliyopita niliishia pale nilipokuwa nimepiga magoti kwenye matope, juu ya mteremko wa kijijini kwetu, mkono wangu ukiwa ndani ya kisanduku ambacho hakikuwa na kitu.

Kama hukusoma, nakueleza kwa kifupi. Mimi ni Paskalia, mzaliwa wa vijiji vya juu kule Matombo, na wakati huo nilikuwa mwaka wa nne chuoni, Morogoro mjini. Nilisoma uhandisi wa fani mchanganyiko. Wanafunzi wa kozi nyingine walituita Kachumbari, kwa sababu tulikatiwa kidogo kidogo cha kila kitu: udongo na maji, umeme, mitambo, kompyuta. Mwaka wa mwisho mnaungana watatu watatu, kila mmoja na upande aliouzamia, mnatengeneza kitu kimoja kinachofanya kazi.

Wenzangu walikuwa Luqmani, kijana wa Mji Mpya, fundi wa umeme na kompyuta, na Shadya, niliyekaa naye chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza, yeye akiwa upande wa mitambo. Mimi nilishika udongo na maji.

Kitu chetu kilikuwa king'ora cha maporomoko. Vyuma vinachomekwa mlimani, vinapima maji yaliyomo ardhini na kuangalia kama udongo unasogea. Vikiona hatari, kisanduku kinatuma habari kwa redio, na king'ora kinalia shuleni.

Wazo lilikuwa langu. Mlima wa kwetu ulishawahi kumfukia jirani yetu mzee Paulo na mkewe, wakiwa wanakula. Familia zote za chini ya mteremko zikahama, mama yangu akiwemo, wakaenda kubanana kwa ndugu.

Siku ya majaribio walikuja walimu wetu na viongozi wa wilaya. King'ora kililia, watu waliorudi siku hiyo kwa ajili ya zoezi wakatoka kwa utaratibu kama tulivyowafundisha, wakaenda shuleni, mama yangu mbele. Nilisimama mbele ya kijiji kizima nikawaambia: sasa mnaweza kurudi majumbani kwenu.

Wakarudi.

Masika yalipoanza nikapanda mlimani peke yangu kukagua vyuma vyangu. Ndipo nikafungua kisanduku nikakikuta kitupu. Ndani nyigu walikuwa wamejenga kiota cha udongo, kikubwa, kikavu. Kiota kile hakikuwa cha wiki hiyo, kilikuwa cha tangu siku za majaribio. Siku king'ora kilipolia, kisanduku kilikuwa kitupu tayari.

Nilishuka nikamwambia mama kuna kifaa nakifuata mjini, nikamwomba wakalale shuleni mpaka nirudi.

"Shuleni tena kwa nini?" akasema mama, huku anamenya ndizi. "Si king'ora kipo? Mlima ukitaka kuja kitatuambia."

Nikapanda gari la kwanza kurudi mjini.

*

Nilimkuta Luqmani kwenye karakana ya chuo, anauunga waya huku ameweka muziki kwenye simu.

"Vile vifaa viko wapi?" nikamuuliza.

"Vifaa gani?"

"Vya kwenye kisanduku."

Akapunguza muziki. Hakuuzima.

"Ulipanda mlimani?"

Kama angeuliza, kwani vimeibwa, ningemwamini. Hakuuliza hivyo.

"Siku ya majaribio kisanduku kilikuwa kitupu," nikamwambia. "King'ora kililiaje?"

Akaangalia mlangoni. Kisha akagusa mfuko wa suruali yake, pale alipozoea kuweka simu.

"Pasi, king'ora kina laini yake. Ukikipigia kinalia. Tuliiweka kwa ajili ya kukijaribu, wewe mwenyewe unajua."

"Ulikipigia wewe."

"Nilikuwa nimesimama nyuma ya walimu. Hakuna aliyeona."

Alisema kama mtu anayesimulia bao alilofunga.

Nilikaa kwenye kigoda cha mafundi. Nikamuuliza tena vifaa viko wapi. Safari hii akanijibu. Viko Dar es Salaam. Kulikuwa na maonyesho ya wabunifu vijana, na waandaaji walikuwa wanachukua watu wawili kwenda kusoma nje, kila kitu juu yao. Siku za maonyesho ziligongana na siku ya majaribio yetu. Kifaa kilikuwa kimoja tu.

"Ningefanyaje?" akaniuliza, kama kweli alitaka nimshauri.

"Watu wawili," nikasema. "Sisi tuko watatu."

"Ndiyo hapo ugumu ulipo."

"Jina langu lipo?"

Akarudi kwenye waya wake.

"Luqmani, wazo ni langu. Mlima ni wa kwetu. Mwaka mzima nimechimba mashimo kule juu. Jina langu lipo?"

"Waandaaji walitaka watu wanaoweza kujieleza kuhusu kifaa. Wewe ni udongo, Pasi. Udongo haupelekwi kwenye maonyesho."

"Na huyo wa pili ni nani?"

Hakuniangalia. "Bado hajapatikana. Anaweza akawa wewe. Ila ukaushe, usimwambie mtu. Matokeo yapitishwe, mahafali yapite, turudishe vifaa, nani atajua?"

"Mama yangu analala chini ya ule mlima."

"Mlima umekaa pale tangu dunia iumbwe. Utakaa mwezi mmoja zaidi."

Nilitaka kumpiga. Badala yake nikalia, na hilo linaniuma mpaka leo, maana alisimama akanishika bega kunibembeleza.

*

Mwalimu wetu msimamizi, Dokta Rehani, alikuwa Dodoma kikazi. Nikampigia nimesimama nje ya karakana, nikamweleza yote bila kupumua.

Nikasikia akifunga mlango huko aliko.

"Una uhakika, Paskalia?"

"Nimeingiza mkono wangu mwenyewe, mwalimu."

"Basi usiende kijijini kabla sijarudi. Ukienda sasa utaharibu majina ya watu."

"Majina ya nani, mwalimu?"

"Yetu sote," akasema. Akakata.

Nikaenda hosteli nimechanganyikiwa. Shadya alikuwa chumbani anapika wali kwa jiko la umeme tulilolificha chini ya kitanda. Baba yake alilima mpunga Turiani, na tangu mwaka wa kwanza sikuwahi kununua mchele. Tulikula wa kwao. Aliponiona nilivyokuwa, akazima jiko akaja kukaa karibu yangu.

Nilimwambia. Alilia kabla yangu.

"Mshenzi yule," akasema. "Miaka yote minne tunamwita ndugu yetu."

"Nampigia mama sasa hivi."

"Usimpigie. Atapandisha presha, na kwa simu utamweleza nini akaelewa? Twende kijijini, wewe na mimi. Tukifungue kile kisanduku mbele ya watu wote. Wakiona kwa macho yao hakuna atakayebisha."

"Twende kesho."

"Kesho nina mtihani. Na ukienda kesho utawakuta wametawanyika mashambani. Twende Jumapili, wakitoka misa. Watu wote watakuwa pamoja."

Ilikuwa na maana. Kila alichosema Shadya siku ile kilikuwa na maana. Alinipakulia wali, akanishikia sahani kama mgonjwa.

Kozi yetu ilikuwa na jambo moja walimu walilotukumbusha kila muhula: mhandisi wa fani mchanganyiko hajui kitu kizima, anajua kumwamini mwenzake kwenye kile asichokijua. Mimi nilimwamini Luqmani kwenye umeme, nikamwamini Shadya kwenye mitambo. Siku ile nikamwamini Shadya kwenye maisha yangu.

Jumapili asubuhi nikiwa nafunga viatu, simu yake ikaita. Akaongea kidogo, akaniangalia kwa huzuni.

"Shangazi wa Kingolwira kaanguka bafuni. Lazima niende."

"Nenda, mgonjwa kwanza."

"Pasi, utaweza peke yako?"

"Nitaweza."

Akanivalisha koti lake la mvua, akanifunga vifungo mpaka juu. "Nitakuwa nakuombea," akasema.

*

Nilifika wakati watu wanatoka kigangoni. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na ilikuwa inaendelea, nyembamba, ile isiyochoka. Mama alikuwa amesimama chini ya mabati ya baraza na akina mama wenzake. Aliponiona hakuja kunipokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Hakuniita mwanangu. Wenzake wakaanza kuaga mmoja mmoja.

"Mama, kuna nini?"

"Umefukuzwa chuo tangu lini, Paskalia?"

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nani kafukuzwa?"

"Usinifiche mimi. Yule mwenzako Luqmani alimpigia mjomba wako juzi. Mtoto wa watu analia kwenye simu. Anasema umefeli, wamekutoa kwenye kazi yao, na umeapa utakuja huku kusema king'ora hakifanyi kazi, ung'oe mitambo ili wakose wote. Katuomba tukupokee kwa upole, tusikugombeze."

"Na mkamwamini."

"Anasema utakuja Jumapili, watu wakitoka misa," akasema mama. "Leo ni siku gani?"

Nilijiuliza Luqmani kajuaje siku, na nikajijibu mwenyewe kwamba kabahatisha. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Mjomba Stephano alikuja akiwa bado ameshika kofia mkononi. Ni kaka mkubwa wa mama na alikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Kwetu Waluguru mjomba akiamua jambo la ukoo, baba na mama wanakaa wanasikiliza.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kuwaambia mhame, mjomba. King'ora hakifanyi kazi. Kisanduku cha mlimani ni kitupu, nilikifungua mwenyewe. Siku ile Luqmani alikipigia simu."

Watu walishaanza kukusanyika. Nikasikia mtu nyuma akisema, "Kama alivyosema yule kijana, neno kwa neno."

"Twendeni juu," nikasema. "Sitaki mniamini. Twendeni mkaone."

Mjomba akavaa kofia yake. Sidhani kama alitaka kunidhalilisha. Nadhani alitaka jambo liishe.

"Twendeni," akasema.

Tulipanda kundi zima, wanaume na wanawake, wengine wamejifunika majani ya migomba. Njia ilikuwa inateleza na udongo ulikuwa laini kuliko nilivyopenda. Mara mbili nilizamisha mguu mpaka kifundoni mahali ambapo wakati wa kiangazi tulihitaji sururu. Nilimwambia mjomba. Akasema masika ni masika.

Tukafika. Kisanduku kilikuwa pale pale juu ya nguzo yake fupi. Nikatoa bisibisi, moyo wangu ukiwa mwepesi. Nilijua ninachokwenda kuwaonyesha.

Nikafungua mfuniko.

Taa ndogo za kijani zilikuwa zinawaka na kuzimika. Chini ya taa kulikuwa na ubao wa nyaya, safi, mpya, na waya mweusi ulioingia ardhini mpaka kwenye vyuma vyangu. Kiota cha nyigu hakikuwepo.

Nikasikia mvua kwenye koti la Shadya.

"Ni hiki ndicho kitupu?" mjomba akauliza.

"Wamekirudishia. Mjomba, nakuapia, kilikuwa kitupu. Kuna mtu kapanda huku wiki hii."

"Nani kapanda na sisi tusimwone?"

"Leteni maji nimwage kwenye hiki chuma. Kikiwa kizima, king'ora kitalia bila mtu kushika simu."

"Mvua yote hii wiki nzima," akasema mjomba, "bado unataka kuongeza maji?"

Wapo waliocheka.

"Ndiyo maana nasema, mjomba. Kingekuwa kizima kingeshalia."

"Au hakuna hatari."

Nikanyoosha mkono nichomoe waya mmoja, nione kama ubao ule ulikuwa unafanya kazi yoyote. Mjomba akanishika kifundo cha mkono. Hakunibana, alinishika tu, kama unavyomshika mtoto anayegusa jiko. Kwa mkono wa pili akatoa simu yake akapiga, akaweka spika.

"Shikamoo mjomba Stephano," ikaja sauti ya Luqmani, laini kama ya mtoto wa madrasa.

"Marahaba, baba. Tuko hapa mlimani na mwenzako. Anasema kitu chenu hakilii."

"Msimlaumu, mjomba. Amechoka tu, masomo haya ni magumu. Mwambieni tunampenda. Kama mnataka uhakika, nipeni dakika moja nikiamshe kutoka huku."

Tukasubiri. Kisha kule chini, upande wa shule, king'ora kikalia. Kirefu, kikali, kikapanda na kushuka bondeni. Akina mama wakapiga vigelegele.

"Anakipigia," nikasema. "Si mnasikia? Kasema mwenyewe, anakiamsha kutoka huko."

"Sasa mitambo ya siku hizi si inaongozwa kwa simu?" akasema mtu mmoja.

Nikatoa simu yangu. Namba ya king'ora nilikuwa nayo. Nikasema, tazameni, hata mimi nitakipigia kitalia, muone kwamba ni simu tu, si mlima. Nikapiga.

Kimya.

Nikapiga tena, nimeinua simu juu wote waone. Kimya. Ndipo nilipokumbuka kwamba tulikifunga kisipokee simu nyingine yoyote isipokuwa ya Luqmani, ili watoto wa shule wasikichezee. Nikaanza kuwaeleza hilo. Nilipofika katikati nikaona nyuso zao, nikaacha.

Mjomba akafunga mfuniko mwenyewe, akabana skrubu kwa kidole.

"Shuka," akaniambia. "Rudi ulikotoka. Ukipona tutaongea."

Mama alishuka nami mpaka njia panda ya nyumbani. Nilitegemea angalau yeye.

"Mama, njoo nami mjini. Hata kwa siku chache. Usiniamini, njoo tu kunisindikiza."

"Nilibanana kwa watu mwaka mzima, Paskalia. Nilikuwa naomba chumvi kama mtoto. Wewe ndiye uliyeniambia nirudi kwangu. Ulisimama mbele ya watu ukasema mama, rudi."

"Nilikuwa sijui."

"Na leo ndiyo unajua?"

Akageuka akaenda kwake, chini ya mteremko, akishika ukingo wa kanga yake usiguse matope.

*

Nilishuka peke yangu. Hakuna pikipiki iliyokuwa inapanda kwa ile hali ya barabara, kwa hiyo nilitakiwa nitembee mpaka kivuko cha mto, nivuke, nikatafute usafiri ng'ambo. Nililia njia nzima, na sikujali kwa sababu mvua ilikuwa inanificha.

Karibu na kivuko mtandao unapatikana kidogo, kwenye jiwe moja tu. Simu ikatetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa Shadya.

Nitauandika kama ulivyokuwa.

"Pasi nisamehe. Wa pili ni mimi. Jina langu lilikuwepo tangu mwanzo. Luqmani aliniambia nikikuzuia mpaka Jumapili atapata muda wa kurekebisha. Ijumaa mimi ndiye niliyepanda huko na kuweka zile taa. Ni taa na betri tu, Pasi, hakuna kitu kingine. Alisema vifaa halisi vitakuja wiki ijayo. Leo nimeangalia habari ya hali ya hewa nimeshindwa kukaa. Mtoe mama."

Ijumaa ile Shadya alirudi jioni na viatu vimejaa tope jekundu. Aliniambia katoka Kingolwira kumwona shangazi. Nilimvua viatu mwenyewe, nikavifua, nikaviweka dirishani vikauke, kwa sababu alionekana kachoka.

Niliusoma ujumbe tena. Nikageuka nirudi juu, nimwonyeshe mjomba simu, aisome kwa macho yake. Kisha nikajiuliza atasema nini. Atasema nimejiandikia mwenyewe. Ningesema hivyo hata mimi, kwa jinsi nilivyosimama kule juu.

Nikaamua kuvuka kwanza, nitafute padri misheni, yeye watamsikiliza. Nikainua koti, nikavua viatu, nikaingia mtoni.

Mguu wangu ukakanyaga mawe makavu.

Asubuhi wakati nakuja maji yalinifika magotini na yalikuwa yanavuta. Sasa kulikuwa na madimbwi tu katikati ya mawe, na samaki wadogo wanarukaruka ndani yake. Juu yangu mvua ilikuwa inanyesha kuliko asubuhi.

Mvua inanyesha, na mto umekauka.

Hili tulifundishwa mwaka wa pili, somo la maji, na mwalimu alilirudia mpaka tukachoka naye. Mto ukipungua ghafla wakati wa mvua, ujue huko juu udongo umeshuka ukaziba njia. Maji yanajaa nyuma yake. Yakishinda, yanakuja na udongo wote, mawe yote, na kila kilichoko njiani.

Mto ule, kabla ya kufika pale kivukoni, unapita nyuma ya nyumba ya mama yangu.

Kupanda mpaka kule ni mwendo mrefu, na ningefika nimwambie nani, kwa mdomo gani. Duniani kote kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho watu wa kwetu wangekisikia na kutoka majumbani bila kubisha. Na kulikuwa na simu moja tu iliyoweza kukiliza.

Nikarudi kwenye jiwe la mtandao. Nikampigia Luqmani.

Iliita sana.

"Pasi," akasema. "Vipi, umefika salama?"

"Kipigie king'ora."

"Nini?"

"Kipigie sasa hivi. Mlima umeachia huko juu, mto umekauka. Kipigie watu watoke."

Nyuma yake kulikuwa na muziki. Ukazimwa.

"Uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu. Niko mtoni."

"Mjomba wako anasikiliza. Umeweka spika."

"Hakuna mtu, Luqmani. Nakuapia kwa mama yangu, hakuna mtu."

"Unataka nikipigie useme, mnaona, ni yeye. Unanirekodi, si ndiyo? Shadya kakuambia nini?"

"Sikurekodi. Sikiliza. Chukueni nafasi zote mbili, nendeni. Nitaandika kwa mkono wangu kwamba mimi ndiye niliyedanganya, nitafukuzwa kweli. Kipigie tu."

Nilikuwa nasikia anavyopumua. Kwa miaka minne niliijua pumzi ile. Ndivyo alivyopumua alipokuwa na swali la mtihani ambalo hakuwa na jibu lake.

"Ungekuwa unasema kweli usingekuwa mtulivu hivyo," akasema.

"Siko mtulivu. Sina nguvu ya kupiga kelele."

Ndipo bonde likanguruma. Ulikuwa mlio mzito kama lori linalomwaga mawe, ila lori humaliza, na huu haukumaliza. Nikausikia miguuni kabla ya masikioni.

"Hiyo ni nini?" Luqmani akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Pasi, hiyo ni nini?"

"Kipigie," nikasema.

Simu ikakatika. Sikujua ni yeye aliyekata au ni mtandao. Niliacha viatu pale pale, nikaanza kukimbia kupanda, na masikio yangu yote yalikuwa upande wa shule.